Kazi za Mikono na Mtoto Mdogo: Anza na Vilivyo Jikoni

Shule zimefunga, mtoto amechoka na katuni, na wewe umechoka kusema "acha hicho". Mpe kazi ya mikono. Huhitaji kwenda stationari wala kununua seti ya rangi ya bei mbaya. Unga, chumvi, bizari, bamia, kiazi, gazeti la juzi na mshumaa vinatosha kumshughulisha mtoto wa miaka 2 hadi 6 kwa wiki nzima.

Kitu kimoja tu kitakuwa kigumu kwako: kuacha kumsaidia. Ukichukua mkasi "umkatie vizuri", kazi imeshakuwa yako na yeye ataondoka. Onyesha mara moja, kisha weka mikono mapajani. Wazazi wengi huharibu hapo.

Tandika kwanza

Chagua saa. Mtoto aliyeshiba na aliyelala vizuri hutulia. Saa tatu au saa nne asubuhi, baada ya chai, ni wakati mzuri. Jioni saa kumi na mbili achana nayo. Njaa na usingizi vitaleta kilio kabla hata gundi haijakauka.

Panga dakika 20. Akitaka kuendelea, mwache aendelee. Akisimama baada ya dakika 7, kazi imekwisha, usimrudishe kwa nguvu.

Fanyieni chini, barazani au uani. Chana kiroba cha mchele pembeni, kilaze, na hapo pana meza kubwa kuliko yoyote ya sebuleni. Mvalishe fulana kuukuu ya baba yake inayofika magotini. Beseni la maji na kitambaa viwe karibu kabla hamjaanza, maana mtoto mwenye rangi mikononi hasubiri. Atakufuata jikoni akishika kila ukuta njiani.

Tafuta boksi moja la kuwekea akiba. Tia humo trei za mayai, maboksi ya dawa ya meno, vifuniko vya chupa, magazeti na kalenda za mwaka uliopita. Kalenda usizitupe kabisa: upande wa nyuma ni mweupe na karatasi yake ni nene, inabeba rangi bila kuloa na kuchanika. Pita pia kwa fundi cherehani wa mtaani umwombe vipande vya vitenge. Kwake ni takataka za kufagia, kwa mwanao ni kazi ya miezi.

Unga wa kufinyanga

Hii iwe kazi ya kwanza kwa kila mtoto, hata wa miaka 2.

Chukua vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini na maji karibu kikombe 1. Changanya unga na chumvi, kisha mimina maji kidogo kidogo huku ukikanda. Ongeza vijiko 2 vya mafuta ya kula. Kanda kama unavyokanda wa chapati, mpaka uache kunata mikononi. Ukinata, ongeza unga. Ukipasukapasuka, ongeza maji kwa kijiko.

Kama una chumvi ya mawe, itwange kwanza au iyeyushe kwenye yale maji. Punje zikibaki zitamkwaruza viganja. Na kama ana kidonda kidoleni, ahirisha, chumvi itamwasha.

Ukitaka rangi, koroga nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano kwenye maji kabla ya kumimina. Usitie zaidi ya hapo, vidole vitabaki njano hadi kesho.

Wa miaka 2 mpe donge na umwache aminye, achome kidole, apasue vipande. Ndiyo kazi yenyewe. Wa miaka 3 atasukuma nyoka na kutengeneza "maandazi" ya kukuuzia. Wa miaka 5 mwonyeshe kukunja nyoka kuwa herufi ya kwanza ya jina lake, uone atakavyotafuta herufi zilizobaki mwenyewe.

Kuna zoezi moja la unga ambalo sijaona mtoto akalikataa. Bonda kipande kiwe bapa. Chuma jani la mpera au la mwembe na ulilaze juu yake, upande wenye mishipa ukiangalia unga. Mpe chupa tupu aipitishe kwa kuikandamiza. Sasa mwambie abandue jani mwenyewe, polepole, akishika kikonyo. Mishipa yote imebaki kwenye unga, mkubwa wa katikati na ile midogo inayotoka pembeni. Atakimbia kutafuta jani jingine. Mwache alete ya mpapai, ya mchicha, ya nyasi. Linganisheni.

Hilohilo bapa unaweza kulifanya medali. Likate kwa mdomo wa glasi, unene wa nusu sentimita. Toboa tundu kwa mrija wa soda karibu na ukingo. Anika kivulini siku 3 au 4, ukigeuza kila siku ili lisijikunje. Likikauka, mtoto apake rangi na apitishe uzi.

Kama unakaa pwani, Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, usifanye medali wakati wa masika. Chumvi huvuta unyevu wa hewani na medali iliyokauka itaanza kutoa jasho na kulainika. Subiri kiangazi.

Unga uliobaki uweke kwenye kopo lenye mfuniko, ndani ya friji kama unayo. Unakaa wiki moja hadi mbili. Ukinuka au ukiota ukungu, tupa.

Tahadhari moja, na uishike: unga huu hauliwi. Chumvi nyingi kiasi hicho ni hatari kwa mtoto mdogo. Wako kama bado anatia kila kitu mdomoni, mkandie unga wa chapati wa kawaida usio na chumvi. Hautakaa zaidi ya siku moja, lakini utalala kwa amani.

Ukiwa kijijini, unga usikusumbue. Udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu unafanya kazi vizuri zaidi. Ujaribu hivi: loanisha kidogo, sukuma uzi wa unene wa penseli, uzungushe kwenye kidole. Usipokatika, ni udongo mzuri. Ondoeni mawe na mizizi pamoja, hiyo nayo ni kazi mtoto anaipenda, kisha fanyeni ng'ombe na vyungu. Vikauke kivulini, taratibu. Jua kali huvipasua.

Rangi za kupika mwenyewe

Kijiko 1 cha chai cha bizari ya manjano kwenye vijiko 3 vya maji ya moto: una njano kali. Maua ya rozela yaliyochemshwa: una nyekundu ya zambarau. Bitiruti iliyokunwa na kukamuliwa: waridi. Majani ya chai yaliyochemka mpaka yakakolea: kahawia. Mkaa uliosagwa na kuchanganywa na gundi ya unga (utaikuta mbele): nyeusi. Acha vipoe kabisa ndipo umwite mtoto.

Brashi nayo usinunue. Kata kijiti kibichi cha mwarobaini, unene wa penseli, uponde ncha kwa jiwe mpaka nyuzi zitawanyike. Ni mswaki wa mti uleule, umebadilishiwa kazi. Tengeneza kimoja kwa kila rangi, hapo hutapoteza muda kuosha.

Sasa fanya hili, ukiwa umetenga nusu saa. Mwache mtoto apake karatasi yote rangi ya bizari. Ianikeni ikauke. Koroga magadi kidogo, yale unayotia kwenye maharage yaive upesi, kwenye maji ya uvuguvugu. Mpe kijiti chenye pamba, achovye, achore juu ya ile njano. Mstari unatoka mwekundu palepale, mbele ya macho yake. Akishamaliza kushangaa, mpe kipande cha ndimu apitishe juu ya wekundu. Unarudi njano.

Usimweleze sababu kwanza. Mwulize akidondosha magadi kwenye rozela itakuwaje. Mwache adondoshe. Itageuka kuelekea kijani na buluu, na ndimu itairudisha kwenye wekundu. Mtoto wa miaka 5 atataka kujaribu kila kitu jikoni, maziwa, siki, maji ya sabuni. Mpe visahani vidogo na umruhusu.

Hakikisha tu ni magadi ya kupikia. Kostiki soda ya watengeneza sabuni huunguza ngozi na macho, isikae kabisa mahali watoto wanapofanyia kazi. Hata magadi ya kawaida yakimwingia jichoni yanawasha, kwa hiyo kaa naye, na mkimaliza aoshe mikono.

Mshumaa

Mpe mshumaa mweupe na karatasi nyeupe. Achore anachotaka, akikandamiza. Haoni kitu. Kisha apake rozela au rangi yoyote ya maji juu yake: michoro inajitokeza myeupe kwa sababu nta inakataa maji. Mafundi wa batiki hufanya hivyohivyo kwa nta ya moto juu ya kitambaa. Mtoto anatumia nta baridi, basi, na hakuna haja ya kuwasha moto.

Unaweza kumwandikia ujumbe wa siri kabla hajaamka, jina lake au picha ya paka, kisha umpe rangi aupake aufichue.

Kanga ya karatasi

Hapa ndipo ningependa utulie, kwa sababu kazi hii inabeba mambo mengi kwa gharama ya bamia moja na kiazi kimoja.

Andaa mihuri. Kata bamia kwa upana karibu na kikonyo, pale palipo nene. Futa ute kwa kitambaa, usipofuta rangi itateleza. Uso wake ni ua, mara nyingi la pembe tano, na hukuchonga chochote. Kiazi mbatata kikate katikati na ukichonge umbo moja rahisi: duara, embe, samaki. Hii ya kisu ni kazi yako. Kitunguu kilichokatwa katikati kinatoa pete ndani ya pete. Shina la mgomba likikatwa kwa upana linatoa vyumba vidogovidogo vilivyopangana vizuri. Ukiwa na mgomba uani, usilipite.

Andaa kitanda cha rangi. Loanisha sponji ya kuoshea vyombo kwa rangi na uiweke kwenye kifuniko cha ndoo. Mtoto akandamize muhuri kwenye sponji, kisha kwenye karatasi. Ukimpa rangi kwenye bakuli ataichovya hadi kiwiko na muhuri utatoa bwawa.

Sasa laza karatasi kubwa, nyuma ya kalenda au karatasi ya manila. Leta kanga halisi uitandike pembeni yake. Mwonyeshe pindo, lile linalozunguka pande zote nne. Mwonyeshe mji, pale katikati. Mwonyeshe jina, yale maandishi yanayokaa chini ya mji, juu kidogo ya pindo. Watoto wengi wamebebwa mgongoni ndani ya kanga kila siku na hawajawahi kuiangalia ikiwa imetandikwa.

Pindo kwanza. Apige bamia kuzunguka karatasi, bamia kando ya bamia. Wa miaka 3 atapiga ovyo, na ni sawa. Wa miaka 5 mwambie abadilishane: bamia, kitunguu, bamia, kitunguu. Kisha mji: kiazi, mara moja katikati au mara nyingi, atakavyo.

Rangi achague yeye. Kama anataka mfano, mwambie kisutu, kanga ya harusi, ina nyekundu, nyeusi na nyeupe. Rangi tatu tu zinatosha kupendeza.

Kisha jina. Mwulize: "Kanga yako inasema nini?" Halafu nyamaza. Andika atakachosema, neno kwa neno, kwa herufi kubwa. Akisema BIBI NJOO NA MAANDAZI, hilo ndilo jina. Usilirekebishe likawa methali. Msomee ulichoandika huku ukipitisha kidole chini ya kila neno. Ataisoma kanga hiyo kwa kila mgeni atakayeingia nyumbani, na hapo atakuwa ameshaanza kusoma.

Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vinavyofanana. Kwa hiyo mwambie apige cha pili. Kimoja kibaki ukutani, kingine kiende kwa bibi.

Mkeka wa karatasi

Hii ni ya miaka 5 kwenda juu, au 4 kama ana subira.

Kunja karatasi katikati. Kata mistari kuanzia kwenye mkunjo kuelekea kingo, ukiacha sentimita 3 bila kukata. Mistari iachane sentimita 2. Kwa mtoto mdogo zaidi, 4. Kunjua. Kata vipande virefu vya rangi nyingine kutoka kwenye gazeti la picha, upana uleule.

Apitishe kipande cha kwanza juu, chini, juu, chini mpaka mwisho. Cha pili kianze chini. Semeni kwa sauti pamoja, "juu, chini, juu, chini", maana mdomo unasaidia mkono. Kila kipande akisukume kikutane na mwenzake. Mwishoni bandika ncha kwa gundi.

Kama kuna mkeka wa ukili nyumbani, upindueni muangalie nyuma yake. Ukili husukwa kwanza kuwa mkanda mrefu mwembamba, kisha hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka mkeka utimie. Mtoto atafute ulipo mshono.

Gundi ya unga, na cha kubandika

Koroga vijiko 3 vya unga wa ngano kwenye maji baridi kidogo mpaka madonge yaishe. Mimina kwenye kikombe 1 cha maji yanayochemka, koroga mpaka uji uwe mzito na uanze kung'aa. Tia nusu kijiko cha chumvi usichache upesi. Upoe. Gundi hii inashika karatasi na vitambaa vizuri, na mtoto akilamba kidole hakuna la kuogopa. Friji itaitunza siku 3. Usiiache wazi usiku, mende wataimaliza.

Kwa wa miaka 2 na 3, kubandika ni kuchana kwanza. Mpe gazeti alichane kadiri anavyotaka. Kuchana kunampa nguvu vidole atakavyoshikia penseli baadaye. Kisha abandike vipande hivyo juu ya mchoro mkubwa uliomchorea, samaki au nyumba. Mfundishe apake gundi kwenye karatasi, asiipake kwenye kipande. Hilo peke yake linapunguza uchafu nusu nzima.

Wa miaka 5 mpe vipande vya vitenge vya fundi atengeneze watu wa familia na kuwavisha. Utajua anamwona nani mkubwa nyumbani kwenu.

Mkasi uwe wa watoto, wenye ncha butu. Anza kumfundisha akiwa na miaka 3 kwa kukata mikato mifupi kwenye ukingo wa karatasi tu. Mstari ulionyooka utakuja kwenye 4, duara kwenye 5. Kidole gumba kiangalie juu, ndiyo siri nzima ya mkasi.

Mnyama mkubwa na nukta

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa vipande vya ubao wa dari na rangi za kupakia baiskeli. Mtindo uliobeba jina lake unamfaa sana mtoto: mnyama mmoja, mkubwa, amejaza picha yote, na juu yake nukta na mistari.

Mwambie mtoto achore mnyama anayegusa pande zote za karatasi. Ajaze nyuma rangi moja. Ikikauka, apige nukta kwa kijiti chenye pamba. Rangi iwe ya maji. Rangi ya mafuta si ya mtoto.

Kishada

Kishada kifanyeni kati ya Juni na Agosti, kusi inapovuma. Vuta chelewa mbili ngumu kutoka kwenye ufagio, moja ya sentimita 50, nyingine ya 40. Zifunge msalaba kwa uzi, theluthi ya kwanza kutoka juu. Zungusha uzi kwenye ncha zote nne, bandika karatasi nyepesi kwa gundi ya unga. Mifuko ya rambo tuliyokuwa tukiitumia haipo tena, nchini Kenya imepigwa marufuku tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu 1 Juni 2019, na karatasi inatosha.

Fremu ni kazi yako. Mtoto apambe karatasi na afunge mkia wa vipande vya kitenge. Kishada kikizunguka hovyo angani, refusha mkia. Rusheni ufukweni au uwanjani, mbali kabisa na nyaya za umeme na barabara, na kikinasa kwenye nyaya, kiacheni hukohuko.

Vya kuepuka

Mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe kitu chochote kinachopita ndani ya bomba la katikati ya roli ya karatasi ya chooni. Shanga, maharage, vifungo, vizibo: vikipita, vinaweza kumkaba.

Mbegu nyekundu zenye doa jeusi za mtipitipi zinavutia sana kwa ushanga, lakini zina sumu kali. Mbegu za mbarika na za mbono kaburi nazo zina sumu. Usizilete nyumbani kabisa, hata kwa mtoto mkubwa. Tumia mbegu za boga zilizokaushwa, au tambi fupi zenye tundu. Hizo ndizo ushanga mzuri kwa wa miaka 4.

Usimruhusu achezee weusi wa betri zilizopasuka, japo unapaka vizuri. Una kemikali. Mkaa upo.

Kama mnapiga chapa za viganja, msitumie piko. Dawa iliyomo inaweza kumuunguza ngozi na kumwachia makovu. Hina halisi au rozela zitafanya kazi hiyo.

Maneno yako wakati anafanya

Usiulize "Hiki ni nini?" Sema "Hebu niambie hapa." Atakueleza mengi zaidi, na hutamvunja moyo kwa kumwona ng'ombe wake ukamwita mbuzi.

Usisifie kila kitu "kizuri sana". Taja ulichokiona: "Umezungusha bamia pande zote nne." Mtoto anajua ukiangalia na anajua usipoangalia. Simu iwe ndani.

Kama kuna wawili wa umri tofauti, mpe mkubwa kazi ya kuandaa: apime unga, akorogee rangi, akate vipande. Usimpe kazi ya kumrekebisha mdogo wake.

Dada anayekusaidia nyumbani, au bibi anayebaki na mtoto, akae nanyi siku ya kwanza. Yeye ndiye atakayekuwa naye siku za kazi. Mwonyeshe kipimo cha unga, mwonyeshe boksi lilipo, na umwambie wazi kwamba uchafu wa kazi hizi hautamletea lawama. Asipolisikia hilo kutoka kwako, boksi litabaki limefungwa.

Kusafisha ni sehemu ya kazi. Wa miaka 3 anaweza kurudisha vifuniko kwenye boksi na kufuta kiroba. Anza naye siku ya kwanza, kabla hajazoea kwamba mtu mwingine hufanya.

Funga uzi ukutani kwa misumari miwili, na vibanio vya nguo vibaki hapo daima. Kazi mpya zinapanda, za zamani zinashuka. Za kuhifadhi mchague pamoja, chache tu, na nyuma ya kila moja andika jina lake, umri na tarehe siku hiyohiyo.

Usijaribu yote haya kwa wikiendi moja. Jumamosi hii unga na chumvi, wiki ijayo bizari na magadi, kanga ije mtakapokuwa mmezoeana na rangi. Nenda kaangalie kama chumvi iliyopo inafika kikombe kimoja.